Samaki wa Daktari wa Meno

Benchi letu liko Mji Mpya, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, mahali ambapo kivuli cha ukuta hudumu mpaka saa sita kasoro robo. Baada ya hapo jua linatufukuza na kila mtu anakumbuka kwamba ana kazi. Kahawa anauza Hashimu, mtu mpole, ana mabirika mawili na sahani ya mayai ya kuchemsha yenye kikombe cha chumvi pembeni. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Kuna Profesa, jina lake la nyumbani Stephano, aliyelinda geti la maabara ya chuo kikuu miaka kumi na minne na kustaafu na koti jeupe ambalo hajawahi kusema alilipataje. Kuna Pazi, tunamwita Bwana Shamba, mtu wa Kinole, mwenye duka la pembejeo hatua thelathini kutoka hapa. Na kuna mimi, Baharia. Shule nilifika darasa la sita. La saba nililiacha kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na mambo machache sana ya kunifundisha. Jumanne hiyo mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni, kahawa ilikuwa ya moto, na hatukuwa na mada. Ndipo akatokea Fidelis na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, anatembea kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, — akasema Profesa. — Umebeba nini, maziwa?

— Mgonjwa.

Akaweka ndoo chini, akafunua. Ndani kulikuwa na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, si mkubwa kuliko kidole gumba changu, anahema haraka haraka na mdomo wazi. Mwilini alikuwa na vidoa vyeupe kama mtu aliyepitiwa na unga akiwa kwenye foleni ya mashine.

Fidelis tunamfahamu. Ni kijana wa Ngerengere, ameajiriwa kwenye kliniki ya meno ya Daktari Shadia, ile ya juu ya duka la vitambaa. Mapokezi pale kuna tangi la kioo lenye samaki wa bahari. Daktari akitaka mtoto afungue mdomo anamwambia, fanya kama yule, na mtoto anamwangalia samaki, anafungua. Kabla ya tangi walikuwa wanamng'ata daktari vidole. Kufagia anafagia mwingine. Kazi ya Fidelis ni tangi, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

— Walikuwa watano, — akasema. — Daktari ameenda Dar, kwenye mafunzo, leo siku ya tisa. Wawili wamekufa. Waliobaki watatu wanahema hivi hivi, huyu ndiye amezidiwa. Na Daktari anarudi leo. Treni yake inaingia saa tisa.

— Alikuachia maneno gani? — Hashimu akauliza.

— Aliniambia, Fidelis, nikirudi nikakuta tangi tupu, sitakuwa na kazi ya kukupa.

— Kwa nini usimpigie simu?

— Nimwambie nini? Kwamba wamekufa na sijui kwa nini? Bora nipige nikiwa najua ugonjwa. Nimekwenda duka la dawa za mifugo, wakasema wao wanatibu vyenye miguu.

Tukaangaliana. Ni mara chache kijiwe kinaletewa kitu chenye uhai mpaka miguuni. Kwa kawaida tunaletewa habari tu, na habari haifi mkononi mwa mtu.

Profesa akavaa miwani, ile yenye kioo kimoja.

— Niondokee kwenye mwanga kidogo. Huyu samaki kazaliwa wapi?

— Baharini, — Fidelis akasema.

— Baharini mwinuko ni sifuri. Hapa ulipo, kijana, uko mita mia tano na ushee juu ya bahari. Sisi tumezoea, tumezaliwa chini ya mlima. Yeye kapandishwa ghafla. Unaona anavyohema? Mwinuko huo. Wazungu wakipanda Kilimanjaro wanahema hivyo hivyo na wana miguu mirefu.

— Lakini yuko hapa tangu mwaka juzi, Profesa.

— Ugonjwa wa mwinuko unaweza kukaa. Dawa yake ni kumshusha taratibu. Unapanda naye treni mpaka Ngerengere kwenu, analala siku mbili, halafu Ruvu, halafu anaangaliwa.

— Treni inayokwenda huko ndiyo itapishana na ile inayomleta Daktari, — akasema Hashimu. — Watapungiana mikono.

Bwana Shamba alikuwa amechuchumaa, pua karibu na maji. Yeye akiangalia kitu, anakiangalia kama jani.

— Ubwiri unga, — akasema.

— Nini?

— Hivi vidoa. Ubwiri unga. Nyanya zikipata unyevu mwingi zinatoka hivi hivi, majani yanakuwa kama yamemwagiwa unga. Na huyu anakaa kwenye unyevu usiku na mchana. Ungetegemea nini? Dawa ni mrututu. Kijiko kimoja cha chakula kwa bomba moja, unapulizia juu na chini ya jani.

— Hana majani, Mzee Pazi.

— Ana mapezi. Juu na chini ya pezi. Nakuja.

Akaondoka kuelekea dukani kwake. Bwana Shamba akishataja dawa huwa hasubiri mgonjwa akubali.

Sasa zamu ikawa yangu, na niseme ukweli, wote walikuwa wananisubiri. Mimi nimekaa Feri, pale soko la samaki Dar, miaka mitatu na miezi. Nimebeba samaki mpaka mgongo wangu ulikuwa unafuatwa na paka. Hakuna samaki anayenunuliwa na mwanadamu ambaye sijamshika: changu, kolekole, nguru, jodari, papa mwenye mimba. Nikawaambia.

— Wote uliowashika walikuwa wamekufa, Baharia, — akasema Hashimu.

— Ndiyo sababu nawajua. Aliyekufa hafichi alichoumwa. Mtazame jicho, mtazame shavu lile jekundu wanalohemea, anakuambia kila kitu. Huyu mimi namwona. Huyu hana mwinuko wala ubwiri. Huyu amepungukiwa na bahari.

— Kivipi, — akauliza Fidelis, na alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amenikazia macho kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

— Nikuulize. Mtu akiharisha, hospitali wanampa nini?

— Maji yenye chumvi na sukari.

— Kwa nini?

— Chumvi imemtoka.

— Sasa huyu kila siku anakunywa na kutema, anakunywa na kutema, tangu umefika hujaona? Kila akitema, chumvi inamtoka. Mgonjwa wa bahari anarudishiwa bahari. Hashimu, lete hicho kikombe.

Hashimu akasita.

— Hiyo ni ya mayai.

— Chumvi haina kabila. Lete.

Nikachota vidole vitatu, nikanyunyiza ndani ya ndoo kwa ule mkono wa mtu anayejua. Fidelis hakunizuia. Nadhani alikuwa na haja sana ya mtu anayejua, na mimi nilikuwa hapo.

Samaki akaruka kidogo, akazunguka mara moja ukingoni mwa ndoo, halafu akaegemea upande.

— Inafanya kazi, — nikasema.

— Amelala, — akasema Fidelis.

— Anapumzika. Mgonjwa akichomwa sindano hulala.

— Ubavu uko juu, Baharia.

Profesa akaona nafasi ya kurudisha heshima yake.

— Nafuta la mwinuko, — akasema. — Nimepata jambo. Fidelis, wanaokaa mbele ya tangi ni watu gani?

— Wagonjwa wanaosubiri zamu.

— Wenye maumivu ya meno.

— Wengi wao.

— Wanafanya nini wakisubiri?

— Wanawaangalia samaki.

— Basi. Kule maabara niliona kwa macho yangu, kuna vitu vinahama kutoka huku kwenda kule bila kugusana. Miaka miwili watu wanamkodolea macho wana jino linaloguruma. Maumivu yanatafuta pa kwenda. Kioo kile ni chembamba. Huyu samaki anaumwa meno.

Hashimu akaacha kufuta vikombe.

— Ndiyo maana kila mtu akitoka pale anasema Daktari ana mkono mwepesi, — akasema polepole.

— Si mkono. Ni samaki. Tangi limebeba meno ya nusu ya manispaa. Wamekufa wawili tu? Wavumilivu hao.

— Ana meno lakini? — nikauliza. Sikupenda alivyokuwa anasikilizwa.

Fidelis akasema hajawahi kuangalia. Profesa akawasha taa ya simu, akainama mpaka tai yake ikaingia majini. Samaki mdomo wake ulikuwa wazi tayari, kwa hiyo ushirikiano aliutoa. Tuliinama wanne, vichwa vinagusana, mwanga unaingia na kutoka.

— Sioni hata moja, — akasema Hashimu.

— Basi ndiyo yenyewe, — akasema Profesa na kuinuka. — Yameshang'oka yote. Ugonjwa umefika mwisho.

Fidelis hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya visigino, mkono ndani ya maji, anamwinua yule samaki kwa ncha ya kidole arudi wima. Akimwachia, analala tena. Akimwinua, anakaa kidogo, analala.

— Huyu ndiye watoto wanamuiga, — akasema. — Wale wengine wanajificha kwenye mawe. Huyu anakuja mbele, mtoto akikaa kwenye kiti cha kusubiri huyu anakuja mpaka kwenye kioo. Asubuhi hakuja.

Halafu Bwana Shamba akarudi na kifuko cha unga wa buluu, kijiko cha chakula, na bomba la kupulizia mgongoni.

— Mmemfanya nini? — akauliza.

— Baharia kamtia chumvi, — wakasema wawili kwa pamoja, kwa haraka ambayo sikuitarajia kutoka kwa marafiki.

— Chumvi haitibu ubwiri. Sogeeni. Nimeleta bomba la lita kumi na sita, lakini ndoo hii ni ya kumi, kwa hiyo nitajaza kijiko bila kilima.

Alikuwa ameshachota. Unga wa buluu ulikuwa juu ya kijiko, kijiko juu ya ndoo, na sisi tulikuwa tunangoja kuona samaki wa chungwa atakuwaje ndani ya maji ya buluu, wakati sauti ya mwanamke iliposema nyuma yetu:

— Kaka Hashimu, naomba za tangawizi mbili, nina wateja. Mnapika nini hapo?

Alikuwa Mwanaheri, mama lishe mpya. Wiki ile ile alikuwa amefungua kibanda cha supu na chapati mtaa wa pili. Kijiweni hajawahi kukaa. Alikuwa na birika lake dogo mkononi na unga wa chapati mpaka kwenye viwiko.

— Tunatibu, — nikasema. — Samaki wa bahari wa Daktari Shadia. Hali ni mbaya, lakini yuko kwenye mikono salama.

Mwanaheri akasogea. Akamwangalia samaki, akaangalia kijiko cha buluu, akamwangalia Bwana Shamba, na Bwana Shamba akarudisha kijiko kwenye kifuko bila kuambiwa. Halafu akachovya kidole chake ndani ya ndoo, akakiweka ulimini.

Akatema pembeni, mara mbili.

— Hii ni bahari?

— Ya bahari kabisa, — akasema Fidelis. — Nimechota kwenye tangi lenyewe.

— Nimezaliwa Bagamoyo, mdogo wangu. Bahari nimeimeza mara nyingi bila kupenda. Haijawahi kuwa hivi. Nani katia chumvi?

Nikasema nilinyunyiza kidogo sana, vidole vitatu, kwa ajili ya matibabu.

— Vidole vitatu haviwezi kufanya hivi ndoo nzima. Hilo tangi lina mfuniko?

— Halina, — akasema Fidelis. — Juu kuna taa, na feni ya mapokezi inalipuliza.

— Na joto hili. Maji yanapungua?

— Yanapungua vidole viwili kila siku. Daktari kachora mstari mwekundu kwenye kioo. Kaandika karatasi, maji yakishuka chini ya mstari, ongeza. Naongeza kila siku, sijawahi kuruka hata siku moja.

— Unaongeza maji gani?

— Ya bahari. Kaacha madumu sita stoo, yameletwa kutoka Dar. Samaki wa bahari, maji ya bahari.

Kwa kweli na mimi ningeongeza hayo hayo. Profesa naye alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa, na tulikuwa watu wazima wanne tuliomaliza birika moja na nusu.

Mwanaheri akaweka birika lake juu ya benchi.

— Mimi supu yangu nikiitia chumvi nikaiacha jikoni, inakauka. Inayopanda juu ni mvuke. Ukiweka mfuniko, matone yake ukiyaonja ni maji matupu. Sasa niambieni, kwa sababu naona hapa kuna mpaka profesa. Maji yakikauka, chumvi inakwenda wapi?

Hashimu akaangalia birika lake. Bwana Shamba akakunja mdomo wa kifuko, akaukunja tena.

— Inategemea, — akasema Profesa.

— Inategemea nini, kaka?

Haikutegemea kitu. Akakaa.

Fidelis alikuwa ameelewa kabla yetu. Nilimwona anahesabu kwa vidole, si kwa sauti, midomo tu: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila siku maji yanaondoka na kuacha chumvi, na yeye anakuja na dumu kuongeza nyingine juu yake. Alipofika tisa akaacha kuhesabu, akatoa simu mfukoni, akapiga, akaweka sauti ya juu ili mikono yake ibaki kwenye ndoo.

— Daktari, ni Fidelis. Wawili wamekufa. Watatu wanahema na wana vidoa vyeupe. Nilikuwa naongeza maji ya bahari kila siku badala ya maji ya kawaida.

Tukasikia mtangazaji wa stesheni nyuma ya Daktari. Halafu yeye mwenyewe, sauti ya kawaida tu.

— Siku zote tisa?

— Zote tisa.

— Nani kakuambia kwamba hilo ndilo kosa?

— Mama lishe mmoja. Kaonja.

— Sawa. Sikiliza. Ongeza maji yasiyo na chumvi wala dawa ile ya maji ya bomba, ya chemchemi kama unayapata, kikombe kimoja kila robo saa, usimwage yote kwa mara moja. Chumvi imewachosha, ndipo vile vijidudu vya vidoa vikawapata. Vidoa nitavitibu mwenyewe kwenye tangi la pembeni. Dawa yake ina shaba, inapimwa kwa matone, kwa hiyo usiweke kitu chochote.

— Mrututu ni shaba, — akanong'ona Bwana Shamba, na mpaka leo anainong'ona.

— Nani huyo? Hapo uko na nani?

— Niko kijiweni, Daktari. Nilikuja kuuliza wazee.

— Mko wangapi?

— Watano. Na huyu mama.

— Na wazee hao wamemwangalia samaki muda gani?

Fidelis akaangalia jua.

— Saa nzima hivi.

— Waulize, katika saa hiyo nzima, nani kati yao aligusa maji yenyewe kwa ulimi?

Simu ilikuwa na sauti ya juu, hakukuwa na haja ya kuulizwa mara ya pili. Profesa alikuwa anakamua tai yake. Daktari akasubiri, muungwana, kisha akakata.

Hashimu ana maji ya kunywa anayochota kwenye chemchemi, yanayoteremka kutoka mlimani. Akamimina kikombe cha kahawa kimoja ndani ya ndoo, polepole, kwenye ukingo. Fidelis akachukua chupa nzima ya maji hayo yaliyobaki, akafunika ndoo, akapanda bajaji. Mwanaheri aliondoka bila kahawa yake. Hakukuwa tena na maji ya kuchemshia nyingine. Sisi tuliobaki jua lilitufukuza kabla ya wakati.

Jumatatu iliyofuata Fidelis alipita, akakaa nasi kwa mara ya kwanza. Tulimwachia aanze kunywa.

— Kazi bado ipo? — akauliza Hashimu.

— Ipo. Daktari kasema na yeye ana lake. Kuna kipimo cha chumvi, alikuwa amekifungia kabatini na ufunguo kaenda nao Dar. Sasa ninacho mimi, napima kila asubuhi.

— Na vidoa?

— Vinaondoka. Anatia matone.

— Ya shaba, — akasema Bwana Shamba.

— Ya shaba, Mzee Pazi.

Nikaona sasa ni wakati wangu. Nikamuuliza yule mgonjwa wetu, yule wa kwenye ndoo, anaendeleaje.

— Yule alikufa kwenye bajaji. Hatukuwa tumefika hata Msamvu.

Tukampa pole. Profesa akavua miwani yake, akaifuta kile kioo kimoja.

— Lakini wale wengine wawili wamepona, — akasema. — Kwa hiyo, ukitazama kwa jumla, matibabu yalifanya kazi.

Fidelis akamaliza kahawa yake, akarudisha kikombe kwa Hashimu kwa mikono miwili.

— Wale wawili, Profesa, sikuwaleta hapa.